Aliyeitika kwa Jina Langu

Kuna siku moja hainitoki kichwani, mwanangu Rukia, na mengi sana yamekwisha kunitoka. Nasahau nilipoweka miwani, nasahau kama nimeshakunywa dawa, na juzi nilimwita mama yako kwa jina la bibi yako mkacheka wote. Lakini siku ile naikumbuka mpaka rangi ya madumu yaliyokuwa kwenye foleni. Nitakufikisha huko. Usiniharakishe, na hiyo simu igeuze chini kwanza.

Jana ulipokuwa unachambua maharage na rafiki yako Joisi, ulisema maneno nikayasikia. Nyie vijana mkiona mzee amefumba macho mnadhani amekwenda zake. Nilijua tayari kwamba jina lako limetokea kwenye orodha iliyobandikwa ofisi ya kata, ya vijana walioacha shule watakaofundishwa ufundi wa pikipiki hapa Koboko mjini. Miezi sita, kisha cheti na sanduku la vifaa kwa kila mmoja. Jina la Joisi halikutokea. Ndipo ukamwambia, "Joisi, wewe enda kaa pale. Wakiita Rukia, sema iko. Mimi niko na biashara yangu kule mpakani Vurra, siwezi acha. Cheti ikitoka jina ni yangu, vifaa tutatumia wote." Joisi alifurahi, masikini, akakukumbatia na maharage mkononi. Mimi nilifungua macho nikayafumba tena. Chai ya jioni ilinishinda.

Maneno hayo nilishayasema mimi, karibu neno kwa neno, kabla mama yako hajazaliwa.

Wakati huo tulikuwa tumerudi kutoka uhamishoni Kongo. Baba yangu alikuwa askari, kama baba za watu wengi hapa, na utawala wa askari ulipoangushwa tulikimbia na magodoro kichwani. Tuliporudi tulikuta kijiji kimekuwa nyasi. Tukajenga upya. Maji tulichota kwenye kijito kule bondeni, maji ya rangi ya chai ya maziwa, mpaka wakaja watu wa msaada wakatuchimbia kisima kirefu na kukisimamishia pampu ya mkono. Mwanangu, wewe umezaliwa umekuta mabomba ya mjini, huwezi kujua furaha ile. Wazee walicheza. Habuba Zenabu, ambaye sisi Wanubi wote tulimwita habuba kwa kuwa alikuwa bibi wa kila mtu, alinawa uso mara tatu mfululizo bila sababu yoyote. Yeye ndiye aliyechaguliwa kutunza pampu, kufagia pale na kuhakikisha watoto hawaning'inii kwenye mkono wa pampu.

Wale watu wa msaada wakasema pampu bila fundi ni kazi bure. Kila kijiji kitoe mtu mmoja akafundishwe Arua kwa miezi mitatu. Atarudi na cheti, sanduku la spana na baiskeli, na pampu ikiharibika yeye ndiye wa kuitwa. Kijiji kikakaa kikanichagua mimi, Swalehe. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba na nilikuwa mwepesi wa maneno. Watu huwa wanachanganya wepesi wa maneno na akili, nami sikuwakatalia.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshaonja biashara ya mpakani. Nilikuwa nachukua sabuni na chumvi Arua, napita Vurra mpaka Aru upande wa Kongo, narudi na vitenge na mawese. Nilikuwa na shati la rangi ya machungwa na kofia ya pembeni, na wasichana walinijua kwa jina. Kukaa darasani miezi mitatu nikisikiliza habari za vyuma niliona ni kifungo. Lakini baiskeli niliitaka. Nami nisikudanganye, kuitwa fundi nilikutaka pia.

Nilikuwa na binamu, mtoto wa mjomba wangu, akiitwa Luka. Mtu mpole, Mkristo wa kweli, maneno machache. Alipokuwa mdogo alifungua redio ya baba yake akaifunga tena, ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Kila mtu kijijini alijua mikono ya Luka, ila siku ya kuchagua hakuna aliyemtaja, kwa sababu hakujitaja mwenyewe. Nikamwendea. "Luka, wewe enda Arua kwa mahali yangu. Wakiita Swalehe, sema iko. Kazi ikianza tutafanya wote wawili." Aliniangalia kama nimempa ng'ombe. Alinishukuru, mwanangu. Hilo ndilo huniuma nikilikumbuka, kwamba alinishukuru.

Basi Luka akawa Swalehe. Tulicheka sana kwa mambo hayo, maana ilipofika Ijumaa mwalimu aliwaruhusu Waislamu waende msikitini, na Swalehe angebakije darasani? Luka wa watu ikabidi aende. Alikuwa anakaa safu ya nyuma kabisa, anainama wakiinama, na moyoni anasali Baba Yetu. Mwezi wa Ramadhani uliwakuta huko, naye akafunga mpaka jioni kwa kuogopa wapishi wa chuo wasije wakasema. Nilipopita Arua na mizigo yangu alinisimulia haya huku akishika tumbo, nikacheka mpaka machozi. Kisha akaanza kunieleza mambo ya pampu, akichora chini kwa kijiti jinsi mabomba yanavyoungana kwenda chini na vyuma vinavyopita katikati, macho yakimwaka. Nilimkatiza. Nilikuwa na haraka ya lori.

Siku ya kutoa vyeti nilifika mimi mwenyewe na shati langu la machungwa. Mgeni aliyetoka Kampala kuja kugawa vyeti hakumjua yeyote. Akaita Swalehe, nikasimama kutoka nyuma nikaenda mbele. Mwalimu wao, Mlugbara mmoja mtu mzima, alinitazama usoni kisha akamtazama Luka aliyekuwa ameketi kwenye nyasi nje ya turubai. Alifungua mdomo. Halafu akaufunga, akainamia karatasi zake, kwa sababu zilikuwa zimeshaandikwa na mgeni alikuwa na safari. Watu wakapiga makofi. Luka naye alipiga.

Nikarudi nyumbani na baiskeli, Luka amekaa nyuma na sanduku la spana mapajani.

Kwa mwaka mmoja na zaidi mambo yalikwenda. Pampu ilipopata shida tulikwenda wawili. Luka alivua shati akafungua, akatoa, akabadilisha vikombe vya ngozi vya ndani vilivyochakaa, akafunga. Mimi nilisimama nimeshika spana moja na kueleza. Nilikuwa naeleza vizuri sana. Watu walinishukuru mimi, na akina mama wakasema, "Fundi Swalehe iko na msaidizi mzuri." Neno hilo msaidizi lilikuwa linapita usoni kwa Luka nikiliona, nami nilijifanya kuangalia pembeni.

Siku moja alinijia. Alikuwa amenawa na kuvaa kama mtu anayekwenda kanisani. "Swale, tuende ofisi ya kata. Tuseme kweli. Waandike jina yangu kwa ile kitabu yao."

Nikamwambia, "Wakijua, watatutoa sisi wote wawili."

"Mimi walinitoa kitambo," akasema. "Ni wewe peke yako iko."

Nilimpa maneno. Nilimwambia angoje mavuno yapite, angoje mwenyekiti arudi safari, angoje hiki na kile. Alingoja, alikuwa mtu wa kungoja. Halafu asubuhi moja mjomba akaja kuniuliza kama nimemwona mwanawe, na nyumba ya Luka ilikuwa imefungwa kwa kamba. Alikuwa amevuka kwenda Kongo. Hakuniaga, na sikuwa na haki ya kuagwa.

Sasa tumefika kwenye siku yenyewe. Ilikuwa kiangazi kikali, kijito kule bondeni kimebaki matope. Mkono wa pampu ukawa mwepesi, unaushusha haupandishi kitu. Habuba Zenabu akatuma niitwe. Nilikuta madumu ya njano yamepangwa kutoka pampuni mpaka kwenye nyumba ya mwenyekiti, na wanawake wamekaa kando yake, na bibi yako Mariamu, dada yangu wa kufuatana, akiwa na sare ya shule kwa sababu alitaka achote maji aende darasani. Alikuwa darasa la sita na alikuwa wa kwanza darasani mwao. Alinitabasamia, maana kaka yake ndiye fundi.

Ningeweza kusema sijui. Mwanangu, nimehesabu mara nyingi maisha haya, na kila mara nafika hapo. Ningesema tu, mimi sijui, kamtafuteni Luka huko aliko, tungekunywa matope wiki mbili na mambo yangekwisha. Lakini macho yale yote yalikuwa kwangu. Nikafungua sanduku.

Nilikuwa nimemwona Luka akifanya mara nyingi, nami nilidhani kuona ni kujua. Yale mabomba, Rukia, yanaunganishwa moja baada ya jingine kwenda chini ya ardhi, marefu kuliko mti wowote wa hapa, na uzito wake wote unashikwa na kibano kimoja cha chuma juu, wakati unapofungua bomba la kwanza. Kibano kile kina namna yake ya kukazwa. Mimi nilikikaza kama mtu anavyokaza kifuniko cha dumu. Nikawaita vijana wanne wavute. Tukavuta, bomba la kwanza likatoka, nikaweka spana, nikazungusha.

Sauti yake sijui nikuelezeje. Ilianza kama kitu kinateleza, kisha ikawa mluzi mrefu, kisha kishindo chini kabisa, tukakisikia kwa miguu. Halafu hakuna kitu. Mabomba yote, vyuma vyote, vyote vimekwenda chini. Kilichobaki ni tundu jeusi, na mimi nimeshika spana.

Wanawake walianza kuokota madumu yao, moja moja. Habuba Zenabu alinijia akanishika mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akakipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayeangalia unga kama umesagika.

"Hii mkono haijawahi fungua pampu," akasema. "Nani alikuwa anafunguaga?"

Nikasema, "Luka."

"Arua alienda nani?"

"Luka."

Akauachia. "Mimi sikasiriki juu ya baiskeli," akasema. "Baiskeli ni chuma tu. Lakini Mungu alitupa fundi, Swalehe, na wewe ulituibia yeye. Sasa tutakunywa cheti yako?"

Hakuniambia neno lingine kuhusu jambo hilo mpaka alipokufa. Aliendelea kufagia pale kwenye pampu kila asubuhi, na pampu yenyewe imekufa.

Walikuja watu wa wilaya na kulabu zao wakajaribu kunasa mabomba yale siku mbili, wakashindwa, wakaondoka. Nilikwenda ofisini kuomba kisima kingine. Karani akafungua kitabu chake akaweka kidole. "Kijiji yenu iko na kisima," akasema. "Na fundi iko. Hapa imeandikwa, Swalehe. Kuna vijiji haina hata moja." Nikamwambia Swalehe ni mimi, na mimi sijui kitu. Alicheka, alidhani ni utani. Nilirudi mara ya pili, mara ya tatu, makarani wakabadilika, kitabu kikawa kompyuta, na jina langu lilihamishwa vizuri kabisa kwenye kompyuta. Mpaka leo kisima hakijaja. Umeona mwenyewe ile nguzo ya chuma ambapo mbuzi wanajikuna.

Bibi yako Mariamu alirudi kijitoni na wenzake. Maji yalipopungua pale, wakaenda kijito cha mbali zaidi. Alikuwa anafika shule saa nne amechoka na miguu ya matope, mwalimu anamsimamisha mlangoni. Mwisho akaona aibu, akaacha. Hakunilaumu hata siku moja, alikuwa na moyo huo. Akaolewa mapema, akamzaa mama yako mapema, na mama yako naye hakuwa na mtu wa kumsukuma shule, na wewe je? Mwanangu, orodha ile ya walioacha shule ambayo jina lako liko, watu wa ofisi wanadhani waliiandika wao mwaka huu. Mimi najua ilianza kuandikwa lini na nani alishika spana.

Miaka ilipita ndipo nikamwona Luka. Nilikuwa Vurra, karibu na forodha, na malori yamejipanga. Alikuwa anashusha saruji, kichwa na mabega meupe, amezeeka kabla yangu. Nikamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama kwato.

"Luka, rudi nyumbani."

"Kurudi kufanya nini? Pampu iko?"

"Haiko."

Alijipangusa saruji usoni. Kisha akaniambia, bila ukali wowote, kwamba kule Aru kulikuwa na watu wanachimba visima, aliwaendea akawaeleza kazi yote mpaka wakashangaa. "Wakaniuliza karatasi. Karatasi iko kwa wewe, Swale. Nikajaribu kwingine, wakaniuliza karatasi." Kuli mwenzake akamwita, naye akaenda akainamisha mgongo wakampakia mfuko. Nilisimama pale mpaka mzigo wa lori ukaisha. Nilitaka kusema nisamehe, na nilisema, lakini nililisema kwa Kiswahili cha haraka haraka kama mtu anayeaga, sijui hata kama alisikia.

Alifia ng'ambo, huko Aru. Nilivuka kwenda kumzika. Padri alisoma maisha yake kwenye kijikaratasi, mtoto wa fulani, amezaliwa mahali fulani, kazi yake mchukuzi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye jeneza. Ningeinua mkono tu niseme, Padri, futa hapo, huyu alikuwa fundi wa pampu, alifundishwa Arua akawa bora kuliko wote. Watoto wake walikuwa pale, wangesikia. Sikuinua mkono, mwanangu. Nilikuwa mzee tayari, na bado niliona haya.

Ndiyo maana leo nimekuita ukae. Sitakudanganya kwamba ukienda kwenye mafunzo utapata kazi. Nimeona mafunzo mengi mno yakija hapa na magari meupe na kuondoka. Wasichana wangapi walifundishwa ushonaji, na vyerehani vyao viko ng'ambo vimeuzwa? Vijana wangapi wana vyeti vitatu vitatu na wanashinda kwenye kivuli cha kituo cha boda boda? Huenda utatoka pale ukiwa unajua pikipiki nje ndani, na hakuna atakayekuletea pikipiki. Sina tumaini kubwa la kukugawia, ningekuwa nalo ningekupa.

Ninachokuambia ni hiki, na ukishike hata ukisahau mengine yote. Jumatatu mafunzo yakianza, ama nenda wewe mwenyewe ukaketi pale, mafuta yakuingie kwenye kucha. Au kama Vurra ni tamu kuliko mafunzo hayo, sikukatazi, biashara nayo ni kazi. Lakini basi, leo hii, kabla ofisi haijafungwa, mshike Joisi mkono mwende wote. Sema, mimi Rukia sitaki nafasi hii, nifuteni, mwandikeni huyu. Mpe nafasi pamoja na jina lake. Usimpe kiti ukabaki na jina, kwa sababu yeye atakushukuru sana, na utaona kama umemfanyia wema. Na siku moja mtu atakuletea pikipiki akiwa amempakia mgonjwa, akuulize, fundi ni wewe? Cheti kiko ukutani, na Joisi yuko wapi?

Cheti changu hicho hapo mezani, nimekitoa sandukuni. Wino bado mzuri. Sikukichoma miaka yote, kwa kuwa hakuna mahali pengine duniani ambapo kazi ya Luka imeandikwa, hata kama imeandikwa kwa jina langu. Nikifa, usinizike nacho. Wapelekee watoto wake kule Aru uwaambie kilichotokea, maana mimi nimeshindwa.

Haya, inuka, ofisi wanafunga saa kumi na moja. Mungu akulinde na akina mimi, akulinde zaidi na wewe mwenyewe. Akuweke mbali na makofi ambayo si yako. Awape wewe na Joisi mikono inayojua inachoshika. Na popote mtakapoitwa, huyu kwa jina lake na huyu kwa lake, Mungu awape sauti ya kuitika.